Kununua Safari ya Kuendesha Gari Jangwani Ughaibuni: Mfano wa Oman

Biashara ya utalii imeongeza bidhaa ambayo mlaji wa nchi yetu hakuizoea: mapumziko ambayo mteja mwenyewe hushika usukani katika njia zisizo na lami, nyuma ya kiongozi anayeijua nchi. Bidhaa hiyo huuzwa Namibia, Botswana, Moroko na kwingineko. Somo hili limeichagua Oman, kwa sababu wasomaji wengi wa Pwani na Visiwani wana jamaa huko, na kwa sababu eneo la Sharqiya, lenye jangwa mashuhuri kwa safari za namna hii, ndiko zilikotoka koo nyingi za Kiarabu zilizohamia Zanzibar. Mtu huenda Muscat kusalimia ndugu, akaona tangazo, akashawishika kuongeza siku tatu za mchangani. Siku hizo tatu zaweza kumgharimu kuliko tiketi ya ndege, na mara nyingine si fedha peke yake inayopotea.

Jambo la kwanza la kuulizwa ni nani atakayeshika usukani. Katika matangazo, maneno "safari ya kuongozwa" hufunika bidhaa tatu tofauti. Pengine mteja ni abiria tu, na dereva ni wa kampuni. Pengine mteja huendesha gari la kampuni ileile iliyotoa kiongozi. Na pengine gari hukodishwa kwa mfanyabiashara mmoja, kiongozi akatoka kwa mwingine, na wakala wa hapa nyumbani akaviunganisha viwili hivyo katika ankara moja yenye bei moja. Hali ya kwanza humwachia mteja wajibu mdogo kuliko zote. Ya pili ina mkataba mmoja na mjibu mmoja. Ya tatu ndiyo inayozaa mashauri: gari likiharibika, mwenye gari husema kwamba kiongozi alilipeleka pasipofaa, kiongozi husema kwamba gari lilikuwa bovu, wakala husema kwamba yeye alikuwa mpokeaji wa fedha tu. Mlaji asikubali kulipa kabla jina la yule atakayewajibika kwa gari, na jina la yule atakayewajibika kwa watu, hayajaandikwa katika karatasi moja.

Inafaa kueleza kidogo jinsi nchi yenyewe ilivyo, kwani vifungu vya mkataba havieleweki bila hilo. Mchanga wa Wahiba, ambao jina lake rasmi siku hizi ni Mchanga wa Sharqiya, una urefu wa kilomita zipatazo 180 kutoka kaskazini hadi kusini na upana wa kilomita zipatazo 80. Kutoka Muscat hadi ukingo wake, karibu na mji wa Bidiyah, ni mwendo wa saa tatu hivi kwa barabara nzuri. Hapo lami hukoma na matuta huanza, mengine yakifikia mita 100 kwenda juu. Ukingoni mna mafundi wa matairi ambao kazi yao kubwa ni kupunguza upepo kwa wanaoingia na kuurudisha kwa wanaotoka. Tairi linalobeba paundi 35 barabarani hushushwa hadi 15 au 18, ili likae bapa na kuuelea mchanga badala ya kuuchimba. Dereva aliyezoea tope la masika na changarawe za kwetu hudhani kwamba ujuzi wake unatosha. Hautoshi. Topeni huenda polepole kwa uangalifu. Mchangani, anayepunguza mwendo mahali pasipofaa huzama hadi ekseli. Tuta hupandwa kwa kunyooka, na gari likishindwa kufika kileleni hurudishwa nyuma kwa mstari uleule. Anayegeuza ubavuni mwa tuta hupinduka. Kiongozi mwema hutumia saa nzima ya kwanza kufundisha hayo kabla ya kuruhusu msafara kuondoka, na mpango wa safari usiotaja saa hiyo una upungufu.

Tuje sasa kwenye bima, ambako fedha nyingi za walaji hupotelea. Neno "bima kubwa" humpa mteja utulivu usio na msingi. Mikataba mingi ya kukodi magari, si ya Oman pekee, hukoma mahali lami inapokoma: gari likitoka barabarani, kinga hupungua au huondoka kabisa, hata kama gari lenyewe huvuta kwa magurudumu yote manne na lilitangazwa kwa picha ya jangwa. Aidha, vitu vinne huachwa nje ya kinga mara kwa mara, hata barabarani: matairi, vioo, sehemu za chini ya gari, na uharibifu uliotokana na maji. Ni vitu hivyohivyo ambavyo mchanga, mawe na makorongo hushambulia kwanza. Mteja hulipia bima ya sehemu ambazo haziko hatarini, na sehemu zilizo hatarini huzibeba mwenyewe.

Kisha kipo kiasi cha mwanzo ambacho mteja hukibeba kabla bima haijalipa chochote. Tuseme mkataba umeweka kiasi hicho kuwa rial 400. Thamani ya rial ya Oman imefungamanishwa na dola ya Marekani, na rial 1 ni sawa na dola 2.60, kwa hiyo rial 400 ni dola 1,040. Msomaji abadili fedha hiyo kwa shilingi za siku atakayosoma, ndipo ajiulize kama safari ya siku tatu bado ni rahisi. Kampuni hulinda kiasi hicho kwa kukishikilia kwenye kadi ya mteja siku ya kuchukua gari. Hapa wasomaji wetu hupata taabu ambayo wageni wa Ulaya hawaijui. Kampuni nyingi hutaka kadi ya mkopo, tena yenye jina la dereva, na kadi ya kawaida ya akaunti ya benki, ambayo ndiyo wengi wetu tuliyo nayo, hukataliwa kaunta. Familia imekwisha kulipia kambi na kiongozi, na gari haitolewi. Swali la kadi liulizwe kwa maandishi kabla ya kulipa arubuni, pamoja na swali la leseni: je, leseni ya Tanzania inatosha, au kibali cha kimataifa kinahitajika? Umri nao uulizwe, kwani kampuni nyingi hukataa dereva aliye chini ya miaka 21, na kwa magari makubwa huweka 25.

Mbele ya gharama hizo, njia ambayo huonekana rahisi ni kuazima gari la ndugu. Binamu ana gari kubwa, ukarimu haukosekani, na kumkatalia huonekana kama dharau. Lakini bima ya gari hilo imeandikwa kwa matumizi ya mwenyewe, na yawezekana haimtambui dereva mgeni, wala haitambui jangwa. Gari likipinduka, deni huingia ndani ya ukoo, na deni la namna hiyo halina mahakama ya kulimaliza. Mgeni aombe kuona cheti cha bima, au amwachie mwenye gari usukani.

Kuhusu usukani, jambo moja hutajwa kwa haraka mno na mawakala. Oman huendesha upande wa kulia wa barabara, na usukani wa magari yake uko kushoto. Dereva wetu atakuwa anajifunza upande mpya, mahali papya pa gia na vioo, na mchanga, vyote katika siku moja. Afadhali siku ya kwanza itumike barabarani bila haraka, na jangwa lingoje la pili.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo, kwa maoni ya somo hili, ndilo linalotenganisha kampuni njema na mbaya kuliko bei na kuliko picha. Oman ni nchi kavu yenye makorongo mengi, ambayo kwa Kiarabu huitwa wadi. Njia nyingi za milimani zinazouzwa kwa watalii hupita ndani yake. Mojawapo hutoka Al Hamra, huvuka safu ya Hajar, na kuteremka hadi upande wa Rustaq kupitia Wadi Bani Awf. Korongo hukaa kavu kwa miezi. Mvua ikinyesha mlimani, maji hukusanyika kutoka kwenye miamba isiyonywa hata tone, yakashuka kwa nguvu mahali ambapo jua linawaka na mbingu ni safi. Mwezi Aprili 2024 mafuriko ya ghafla yaliua watu katika Sharqiya Kaskazini, wakiwamo watoto wa shule waliosombwa wakiwa garini. Watoto hao walikuwa wenyeji wa nchi, si wageni. Maji yenye kina cha sentimita 30 yaendayo kasi huweza kulichukua gari dogo, na ya sentimita 60 huchukua hata magari makubwa ambayo matangazo huyasifu. Sheria ya Oman huhesabu kuwa ni kosa kuingiza gari kwenye korongo linalotiririka na kuhatarisha maisha, na adhabu yake yaweza kuwa kifungo.

Kwa hiyo siku moja kiongozi hulazimika kusema, "Leo hatupiti." Je, akisema hivyo, nani hupoteza fedha? Kifungu cha kuahirisha safari ndicho chenye jibu. Ikiwa kampuni hurudisha fedha zote za siku iliyofutwa, na kiongozi hulipwa kwa idadi ya safari zilizokamilika, basi kila wingu ni hasara kwake, na mtu huyo ana sababu ya kuliona wingu kuwa dogo. Ikiwa kampuni hairudishi chochote, mteja ndiye atakayemsukuma kiongozi aendelee, kwa kuwa amekwisha kulipa. Mkataba unaofaa ni ule unaotaja njia ya badala: korongo likifungwa, msafara huenda ufukweni, au kwenye ngome na chemchemi zinazofikika kwa lami, na tofauti ya gharama imekwisha kuandikwa. Tena useme wazi kwamba uamuzi wa kiongozi kuhusu usalama haupingwi na mteja. Wako wateja ambao kifungu hiki huwakera, wakidhani kinawanyima haki. Kwa kweli ndicho kinachowanunulia kile walichokifuata, yaani busara ya mtu anayeijua nchi. Mteja amwulize wakala swali moja la wazi: "Mara ya mwisho mlipogeuza msafara njiani ilikuwa lini, na wateja walirudishiwa nini?" Anayejibu kwamba hawajawahi kugeuza ama hajafanya kazi hii kwa muda mrefu, ama hasemi kweli.

Majira yafuatwe vilevile. Miezi ya Oktoba hadi Aprili ndiyo yenye hali ya hewa inayovumilika jangwani. Kiangazi cha Oman si cha kufanyia mzaha: tarehe 26 Juni 2018, katika mji wa pwani wa Quriyat, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa usiku na mchana mzima. Ofa za Julai huwa na bei ndogo kwa sababu hiyo. Yapo hata matangazo yanayoweka picha za milima ya kijani yenye ukungu juu ya safari ya jangwani. Milima hiyo ipo kweli, nayo hupata mvua nyepesi kati ya Juni na Septemba, lakini iko Dhofar karibu na Salalah, mwendo wa kilomita zipatazo 1,000 kutoka Muscat. Anayenunua kwa kuitazama picha hiyo amenunua nchi nyingine.

Kiongozi mwenyewe achunguzwe. Nchini Oman, waongoza watalii na kampuni za utalii hupewa leseni na Wizara ya Urithi na Utalii. Nakala ya leseni iombwe, na jina lililomo lifanane na jina la kampuni inayopokea fedha. Idadi ya magari ijulikane. Gari moja halipaswi kuingia jangwani peke yake, kwa kuwa likikwama hapana wa kulivuta. Na kiongozi mmoja mwenye magari kumi nyuma yake hawezi kumwona wa mwisho. Magari manne au matano kwa kiongozi ni kadiri anayoweza kuisimamia. Kila gari liwe na redio ya mawasiliano, sepetu, kamba ya kuvutia, kipimo cha upepo na maji ya kunywa. Lita 5 kwa mtu kwa siku si nyingi. Simu ya setilaiti iwe kwa kiongozi, kwani mtandao wa kawaida hupotea nyuma ya matuta. Nambari ya dharura ya polisi ni 9999. Mambo haya yaulizwe bila kuona haya. Mfanyabiashara mkweli hufurahia kuulizwa, kwa sababu mpinzani wake wa bei nafuu hana majibu.

Ipo njia nyingine ambayo mawakala hawaitaji sana, kwa kuwa haina faida kubwa kwao. Familia hukodi gari dogo la kawaida mjini Muscat, huliendesha kwa lami hadi ukingo wa jangwa, huliacha hapo mahali palipokubaliwa na kambi, na huchukuliwa na dereva Bedui hadi kwenye kambi yao ya mchangani. Kambi nyingi hutoa huduma hiyo kwa malipo ya ziada. Mchanga ni uleule, nyota ni zilezile, na dereva amezaliwa hapo. Kwa familia yenye watoto wadogo au wazee, na kwa mtu ambaye hajawahi kuendesha gari mchangani, hii ndiyo bidhaa ya kununua. Kuendesha mwenyewe kubaki kwa yule ambaye kuendesha ndiko furaha yake hasa, na ambaye yuko tayari kulipia mafunzo yake.

Malipo yafanywe kwa hatua. Arubuni iwe ndogo, risiti itaje tarehe, njia, aina ya gari na jina la kampuni ya Oman, si la wakala peke yake. Anayelipa kwa simu kwenda kwa nambari ya mtu binafsi hana ushahidi kwamba aliilipa kampuni. Tanzania Bara ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo hukataza maelezo ya kupotosha katika biashara, na Zanzibar ina sheria na chombo chake cha kumlinda mlaji. Sheria hizo humfikia kwa urahisi wakala mwenye ofisi hapa. Mkataba uliosainiwa kaunta Muscat ni habari nyingine: huongozwa na sheria za kule, na lalamiko hupelekwa kwa mamlaka ya Oman ya kumlinda mlaji, iliyoundwa mwaka 2011. Kufuatilia lalamiko hilo kutoka Tanga au Chake Chake ni kazi ya subira. Ndiyo maana tangazo lenyewe lihifadhiwe, pamoja na ujumbe wote wa simu, kabla ya safari. Ahadi iliyotolewa na wakala kwa maandishi hapa nyumbani ina nguvu kuliko ile iliyotolewa kwa mdomo uwanja wa ndege.

Siku ya kupokea gari, mteja alizunguke pamoja na mtumishi wa kampuni na apige picha kila upande, akianza na zile sehemu nne zilizotajwa: matairi pamoja na lile la akiba, vioo, chini ya gari, na zulia la ndani, ambalo huonyesha kama maji yalikwisha kuingia. Mikwaruzo yote iandikwe kwenye fomu, hata ile midogo ambayo mtumishi ataiita "si kitu". Kama mkataba umeandikwa kwa Kiarabu peke yake, jamaa mwenye kuijua lugha ausome kabla ya sahihi kutiwa. Katika jambo hili ndugu wa Muscat ana manufaa kuliko gari lake.

Siku ya kurudisha, upepo wa matairi uwe umerudishwa hadi kiwango cha barabarani kabla ya kuondoka Bidiyah, kwani kuendesha kwa kasi kwenye lami na tairi laini hulipasha moto hadi likapasuka, na tairi hilo atalilipia mteja. Gari lioshwe na mchanga utolewe, maana kampuni nyingine hutoza ada ya usafi. Mteja asiache ufunguo kwenye sanduku na kwenda zake uwanja wa ndege kwa haraka. Angoje ukaguzi, apate karatasi yenye sahihi isemayo kwamba gari limepokelewa bila uharibifu mpya, na aulize kiasi kilichoshikiliwa kwenye kadi kitaachiliwa baada ya siku ngapi. Picha na karatasi hiyo asizifute hadi taarifa ya benki ionyeshe kwamba fedha hiyo imeachiliwa yote.